Amri ya mahakama ni amana: Dalali akiambiwa asimame, asimame

 

Ndugu zangu Waislamu, nataka leo tuzungumze juu ya kazi ambayo ni nadra sana kuisikia ikitajwa kwenye mimbari. Khutba zetu zinawausia wafanyabiashara wasipunje mizani. Zinawausia mahakimu wasile rushwa na mashahidi wasiseme uongo. Lakini kati ya hakimu aliyeandika hukumu na mwananchi anayetolewa vyombo nje kuna mtu wa tatu. Huyo ndiye anayebisha hodi, anayehesabu viti, anayepakia kabati kwenye lori na kupiga mnada. Tunamwita dalali wa mahakama. Yeye na vijana wake hatuwausii, ilhali mkono wao ndio wa mwisho kugusa mali ya watu.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa dini aliyeko Mpitimbi, Songea vijijini, ana nini na madalali? Jibu ni kwamba huku kwetu watu wanaishi kwa mahindi. Mkulima anakopa mbolea na mbegu kabla ya mvua, kisha anaomba Mungu mambo mawili: mvua inyeshe na bei isianguke. Moja likikosekana, deni linabaki pale pale. Anayekuja kulidai hatoki Mpitimbi. Mkopeshaji yuko mjini, wakili yuko mjini, dalali yuko mjini, na mara nyingi hata mnunuzi wa mnada anatoka mjini. Kwa hiyo maneno haya nayaandika kijijini, lakini nawaandikia ninyi mnaoishi mijini, ambao ama mnaifanya kazi hii, ama mnaituma ifanywe, ama mnanufaika nayo.

Mnada wenyewe si haramu

Tuanze na msingi ili tusije tukamdhulumu mtu kwa kazi yake. Kuuza kwa mnada ni jambo la halali. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (RA), katika vitabu vya Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba mtu mmoja katika Answari alikwenda kwa Mtume (SAW) kuomba msaada. Mtume akamuuliza nyumbani kwake ana nini. Akasema ana nguo nzito ambayo nusu wanaikalia na nusu wanajifunika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavishika kwa mkono wake na kuuliza nani atavinunua. Mmoja akataja dirhamu moja. Mtume akauliza mara mbili au tatu nani ataongeza, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili, akauziwa. Fedha hizo zikaenda kwa mwenye mali: moja anunue chakula cha watu wake, moja anunue shoka akakate kuni. Wanazuoni wameijadili isnadi ya hadithi hii, na Tirmidhi ameihesabu kuwa ni hasan.

Hebu tuutazame mnada ule. Mwenye mali yupo na ameridhia. Bei imepandishwa kwa uwazi mbele ya watu. Hakuna aliyepangwa kutaja bei ya uongo, jambo ambalo Mtume (SAW) amelikataza kwa jina la najshi. Na hela yote imefika inakotakiwa kufika. Basi dalali Mwislamu asijione ameingia kwenye kazi chafu. Ameingia kwenye kazi ambayo Mtume mwenyewe aliifanya. Swali ni moja tu: anaifanya kwa idhini ya nani, na idhini hiyo inaishia wapi?

Nguvu ya dalali ni ya kuazima

Mtu akiingia nyumbani kwako akabeba kochi lako, huyo tunamwita mwizi. Dalali wa mahakama akiingia na kubeba kochi hilo hilo hatumwiti mwizi. Tofauti yao ni nini? Si shati, si gari, si askari aliyesimama mlangoni. Tofauti yao ni karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo imeeleza ni deni la nani, ni kiasi gani, na nini kikamatwe. Ikiondolewa karatasi hiyo, au mahakama ile ile iliyoitoa ikiandika nyingine ya kusema simama, wale watu wawili wanabaki sawa sawa.

Hili ndilo ninalotaka kila msomaji alishike. Dalali hana nguvu yake binafsi. Ana nguvu ya kuazima, na kitu cha kuazima ni amana. Katika Suratun Nisaa aya ya 58 Allah (SW) anatuamuru tuzirejeshe amana kwa wenyewe, na hapo hapo anaunganisha amri hiyo na kuhukumu kwa uadilifu. Amana na hukumu zimewekwa katika aya moja. Mahakama iliyomwazima dalali nguvu ikiitaka nguvu yake irudi, dalali akiendelea kuitumia hata kwa nusu saa, amefanya hiyana. Na mali aliyoichukua ndani ya nusu saa hiyo, kwa lugha ya fiqhi, ni ghasbu, yaani mali iliyoporwa, hata kama deni lenyewe ni la kweli.

Sheria za nchi nazo zinasema hivyo kwa njia yake. Dalali wa mahakama si mtumishi wa mdai, ingawa mdai ndiye mwenye haraka. Ni mtu wa mahakama. Kanuni za uteuzi, malipo na nidhamu ya madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka, zilizotangazwa mwaka 2017, zimeweka kamati ya kuwateua na kuwawajibisha, na mwenye kuitaka kazi hii anapaswa kupita kwenye mafunzo ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Katika Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, Amri ya 21, mnada hauwi siku dalali anapojisikia. Bila ridhaa ya maandishi ya mdaiwa, lazima zipite siku zisizopungua 30 kwa mali isiyohamishika, na 15 kwa mali inayohamishika, tangu tangazo la mnada libandikwe mahakamani. Mdaiwa akileta deni na gharama zote kabla ya nyundo kugonga, mnada unasimama. Na mtu mwenye jukumu lolote katika mnada huo haruhusiwi kuinunua mali ile, yeye mwenyewe wala kwa mgongo wa mwingine.

Anayevunja amri ya zuio naye hakuachwa. Mahakama inaweza kukamata mali yake, na inaweza kumweka ndani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita.

Mbio za lori na karatasi

Kama sheria iko wazi hivyo, maovu yanaingilia wapi? Yanaingilia kwenye saa chache kati ya amri na amri. Mdaiwa amekata rufaa au ameomba hukumu isikazwe kwanza. Ombi liko mezani. Mdai anajua. Dalali anajua. Hapo zinaanza mbio: karatasi ya zuio inatafuta muhuri, na lori linatafuta mafuta. Lori likifika kwanza, mnada ukapigwa, mdaiwa akija na karatasi yake anaambiwa kwamba jambo limeshakwisha. Mahakama ya Rufani imeeleza mara nyingi kwamba utekelezaji uliokwisha kufanyika hauwezi tena kusitishwa. Wajanja wamelichukua neno hilo la sheria wakaligeuza kuwa mbinu. Wamejifunza kwamba ukiwahi, umeshinda.

Umeshinda mbele ya nani? Mtume (SAW), katika hadithi ya Ummu Salama (RA) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ametuonya kwamba yeye ni mwanadamu, anahukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wetu akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake. Basi atakayekatiwa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Hapo anazungumzia mtu aliyepewa na hakimu, tena hakimu mwenyewe ni Mtume. Itakuwaje kwa mtu ambaye hakimu amemwambia usichukue, naye akachukua?

Swali la kijana wa kupakia

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alinifuata msikitini akaniuliza kama chumo lake ni halali. Alikuwa akifanya kibarua cha kupakia vitu kwa dalali mmoja. Akanieleza kwamba walifika kwenye nyumba ya watu, na kabla hawajamaliza kutoa vyombo, mwenye nyumba akaja anahema, mkononi ana karatasi ya mahakama. Bosi wao hakuipokea. Aliwaambia vijana pakieni kwanza, karatasi tutaisoma mbele ya safari. Wakapakia. Yule mama mwenye nyumba alikuwa amekaa chini ya mwembe na watoto. Kijana akaniambia, ustadhi, mimi sikusoma sheria, mimi nilitumwa tu, je nina dhambi?

Nilimjibu kwa kisa kilichomo kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sayyidna Ali (RA). Mtume (SAW) alituma kikosi akakiwekea kiongozi, akawaamuru wamtii. Njiani kiongozi akakasirika, akaamuru wakusanye kuni, wauwashe moto, kisha waingie ndani yake. Baadhi wakakaribia kuingia. Wengine wakasema wamemkimbilia Mtume ili waokoke na moto, iweje tena waingie motoni? Wakabaki hivyo mpaka moto ukazimika na hasira ya yule mtu ikatulia. Habari ilipomfikia Mtume (SAW), akaeleza kwamba lau wangeingia wasingetoka humo kamwe, kwani utii ni katika jambo jema tu.

Wale walikuwa Masahaba, na kiongozi wao aliwekwa na Mtume mwenyewe. Bado kutumwa hakukuwa udhuru. Sembuse bosi wa mnada! Kijana akajua kwamba ile karatasi ilikuwa inawaambia wasimame. Asiyejua ana udhuru wake. Aliyejua akaendelea kubeba, ameshiriki, kwa sababu Allah (SW) katika Suratul Maida aya ya 2 ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Nilimwambia arudi akawatake radhi wale watu, na ajira kama ile, bosi akiendelea na tabia hiyo, aiache. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza atakula nini. Swali hilo halikuwa la kejeli, na ndiyo sababu naandika makala hii. Kijana wa kupakia anabeba dhambi kwa elfu chache za siku. Wenye kuzuia dhulma ile kwa neno moja tu ni bosi wake na mdai aliyemlipa.

Visingizio vitatu

Nimewasikia watu wakizitetea hujuma hizi kwa hoja tatu. Tuzitazame.

Ya kwanza, wanasema mahakama hizi si za Kadhi, basi amri yake haimfungi Mwislamu. Ajabu ya hoja hii ni kwamba hutolewa na mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu kwa amri ya mahakama hiyo hiyo! Amri ya kukamata anaiona inamfunga mdaiwa, amri ya kuachia anaiona haimfungi yeye. Ndugu yangu, leseni umeiomba mwenyewe, masharti umeyakubali mwenyewe, ujira unaupokea. Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutekeleza mikataba, na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao, ila sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kusimamisha mnada ili mtu asikilizwe kunahalalisha haramu gani?

Ya pili, wanasema hakimu aliyetoa zuio amenunuliwa. Inawezekana. Mahakimu ni binadamu. Lakini nani amemfanya dalali kuwa hakimu wa mahakimu? Mwenye ushahidi wa rushwa ana mahali pa kuupeleka, na asiyeridhika na amri ana mlango wa kuomba itenguliwe. Kila dalali akiruhusiwa kutii amri anazozipenda tu, basi hakuna mahakama tena, kuna wenye malori. Na leo lori liko upande wako, kesho litakuwa upande wa jirani yako.

Ya tatu ina uzito kidogo. Wanasema karatasi za kughushi zimekuwa nyingi, mdaiwa mjanja anaweza kuchapisha zuio lake mjini kwa shilingi mia chache. Ni kweli ujanja huo upo. Dawa yake imo katika Suratul Hujurat aya ya 6, pale tunapoamriwa kuichunguza habari kabla ya kuwafikia watu kwa madhara tukaja kujuta. Kuchunguza maana yake ni kusimama kwanza. Weka kabati chini. Piga simu kwa karani wa mahakama iliyokutuma, mwone hakimu au msajili, uliza kama namba ya shauri hili ina zuio. Karatasi ikiwa ya uongo, kabati utalikuta pale pale kesho na aliyeghushi atakuwa na kesi nyingine. Ikiwa ya kweli, umeiokoa nafsi yako. Kwani Suratun Nur aya ya 28 inatuambia tukiambiwa turudi kwenye mlango wa mtu, turudi, na kwamba hilo ni utakaso zaidi kwetu. Kama mgeni wa heri anaambiwa arudi na anarudi, vipi mgeni wa kubeba vitu?

Tulifurahi mwaka 2019

Tukumbuke jambo moja lililotugusa Watanzania wote. Tarehe 23 Agosti 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania, Airbus A220, ilizuiliwa uwanja wa O.R. Tambo, Johannesburg, kwa amri ya mahakama ya Afrika Kusini. Chanzo kilikuwa deni alilolidai mkulima Hermanus Steyn, fidia ya mali zake zilizotaifishwa Tanzania. Tulihuzunika, na Dar es Salaam watu waliandamana. Serikali ikapeleka mawakili. Tarehe 4 Septemba mahakama ya huko ikaamuru ndege iachiwe, nayo ikaachiwa, ikarudi nyumbani.

Hebu fikiri. Wale walioishikilia ndege yetu wangesema kwamba zuio limekuja lakini ndege tumeshaipata, tuipige mnada kwanza, karatasi tutaisoma mbele ya safari. Tungesemaje? Tungesema ni wezi. Tulinufaika na watu waliokubali kwamba kilichokamatwa kwa amri kinaachiwa kwa amri. Basi kilichotufaa kama taifa juu ya ndege ya mabilioni, kwa nini kisimfae mjane mwenye kitanda, godoro na mashine ya kushonea?

Amri ina mpaka wake

Kutii amri ya mahakama si kusimama tu unapoambiwa simama. Ni pamoja na kutovuka mpaka wa kile ulichoambiwa uchukue. Katika Sahih Muslim, Abu Said al-Khudri (RA) ameeleza habari ya mtu aliyenunua matunda, yakapatwa na maafa, deni likamzidi. Mtume (SAW) akawataka watu wamsaidie kwa sadaka. Wakatoa, lakini haikutosha. Ndipo akawaambia wanaomdai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Wakulima wa Mpitimbi wanalielewa vizuri jambo hilo la matunda kupatwa na maafa.

Wanafiqhi wamejenga juu ya msingi huo. Aliyefilisika anaachiwa nguo zake na chakula chake na cha wanaomtegemea. Kuhusu nyumba wametofautiana: madhehebu ya Imam Shafi inaona huuzwa, na madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal inaona nyumba ambayo hawezi kuikosa haiuzwi. Sheria ya Tanzania, katika kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, imeorodhesha vitu ambavyo havikamatwi katika kukaza hukumu: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, zana za kilimo na mbegu za mkulima, na nyumba anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Nyumba ambayo mtu ameiweka rehani kwa hiari yake ina utaratibu wake mwingine, nao pia, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, unadai ilani ya maandishi kwanza.

Ni wangapi wanaoyajua haya? Mkulima haijui haki yake, na dalali aliyefundishwa anaijua lakini ananyamaza. Jembe linapakiwa na mbegu inapakiwa. Msimu unaofuata mtu yule hana cha kupanda, na hata deni lililobaki hana cha kulilipia.

Na kuna wanaochukua mali ya asiyedaiwa: pikipiki ya shemeji iliyokutwa uani, mashine ya mke kwa deni la mume. Katika Surat Yusuf aya ya 79, ndugu zake Yusuf (AS) walipomwomba amchukue mmoja wao badala ya yule aliyekutwa na kopo, alimwomba Mungu amkinge na jambo hilo, kwani kumchukua asiyehusika kungewafanya wawe madhalimu. Hao walijitolea wenyewe, naye akakataa! Shemeji mwenye pikipiki hakujitolea. Sheria imempa mlango wa kuweka pingamizi mahakamani, na dalali anapoambiwa mali hii si ya mdaiwa, akaonyeshwa na kadi yake, asijifanye kiziwi.

Na wewe unayedaiwa

Sitaki msomaji afikiri nimewaandikia wadaiwa waraka wa kukwepa madeni. Dawa ya deni ni kulipa. Mtume (SAW), katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Kuna watu wanao uwezo, lakini wanakwenda mahakamani kutafuta zuio juu ya zuio, mwaka hadi mwaka, mpaka mdai anakufa na warithi wanachoka. Hao nao wamo katika onyo la Suratul Baqara aya ya 188, la wanaozipeleka mali kwa mahakimu ili wale sehemu ya mali za watu kwa dhambi, na huku wanajua. Mahakama ikishasikiliza pande zote, zuio likaondolewa na dalali akaja mchana, kwa karatasi halali, basi mdaiwa naye atii. Asifungulie mbwa, asiite vijana wa mtaa na mapanga. Amri ni amri pande zote mbili.

Na mdai aikumbuke aya ya 280 ya sura hiyo hiyo: mwenye shida angojwe mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Mtume (SAW) alisikia sauti za Kaab bin Malik na aliyekuwa akimdai zikipanda msikitini, akatoka, akamwashiria Kaab apunguze nusu ya deni. Kaab akakubali pale pale. Ndipo Mtume akamgeukia mdaiwa akamwambia ainuke alipe. Huo ndio ukazaji wa hukumu usiohitaji lori: mdai amepunguza, mdaiwa amelipa siku ile ile.

Tufanye nini

Kwanza, dalali Mwislamu aweke sharti na mdai kabla ya kupokea kazi: zuio likija, gari linasimama, na malipo ya siku hayadaiwi kwa vitu vya watu. Asipokee bahasha ya pembeni kutoka kwa mdai ili aharakishe, wala kutoka kwa mdaiwa ili achelewe. Mtume (SAW) alimkemea mtoza zaka aliyerudi na zawadi, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata.

Pili, sisi wanunuzi tusiukimbilie mnada kwa sababu bei ni ya chini tu. Tuulize amri ni ya mahakama gani, tangazo lilibandikwa lini, na kama kuna zuio. Tukishajua kuna zuio, kisha tukanunua, tumenunua dhulma kwa bei nafuu.

Tatu, misikiti yetu ya mijini ina mawakili, makarani na wanafunzi wa sheria wanaosali safu ya mbele. Siku moja kwa mwezi, baada ya Alasiri, wakae na watu wawasomee karatasi zao. Wengi wanaonyang'anywa kinyume cha amri hawajui kwamba amri iko upande wao.

Namalizia kwa muflisi. Mtume (SAW), kama alivyopokea Muslim, aliwauliza Masahaba wanamjua muflisi ni nani. Wakasema ni asiye na fedha wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu. Watapewa hao katika mema yake. Mema yakimalizika kabla madeni hayajakwisha, zitachukuliwa dhambi zao atwikwe yeye.

Siku hiyo mema ya mtu yatagawiwa wanaomdai, kitu baada ya kitu, mpaka nyumba ibaki tupu. Na amri ya siku hiyo haina rufaa wala zuio. Ewe dalali, na wewe uliyemtuma, leo karatasi ya zuio bado inaweza kusomwa kabla lori halijaondoka. Isomeni.



Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Mpitimbi, Songea.